Swali Lililoshuka Mpaka kwa Mwenyekiti

Rungu la kwanza lilimpata Loisi begani, akaanguka kifudifudi kwenye tope la uani kwake. Maji ya mafuriko yalikuwa yamekizingira kijiji chao cha bondeni Bahi. Mvua za El Nino zilikuwa zimekigeuza kisiwa. Pa kukimbilia hapakuwapo.

"Mjini ulifuata nini?" Yoramu, kamanda wa mgambo, alimkanyaga mgongoni. Na Yoramu huyu ni mdogo wa marehemu mumewe, tumbo moja, jamani!

"Niliuliza majaruba yetu kapewa nani, shemeji. Basi."

Rungu la pili lilimvunja taya.

Mwenyekiti Matonya ndiye aliyetangaza kwamba majaruba ya mpunga ya kijiji sasa ni ya mwekezaji. Mwekezaji yupi, hakusema. Soko huria limekuja, alisema, watu wafanye kazi, waache udaku. Lakini jaruba lile ndilo lililowalisha watoto wa Loisi. Akavuka kwa mtumbwi, akaenda hadi ofisi ya mkoa, Dodoma.

"Ni haki yako kujua, mama," kijana mwenye tai alimwambia. "Jina lako nani? Kijiji gani?"

Akavitaja vyote, maskini ya Mungu, na kushukuru akashukuru! Hakujua utaratibu wao. Swali lilitoka mkoani likaenda wilayani, wilayani likaenda kata, na kata wakampelekea Matonya yuleyule ajibu, pamoja na jina la muulizaji. Hata wangelificha, nani asingejua? Pale mtu akikohoa, kijiji kizima kinajua kifua cha nani.

Wiki moja baada ya kipigo kile, Matonya aliitisha mkutano.

"Wakubwa wanataka uwazi," alisema. "Mwenye swali aulize."

Loisi alisimama, taya limefungwa kwa khanga. Hilda, jirani yake, ndiye aliyemfunga. Alijaribu kusema. Ikatoka sauti ya ng'ombe aliyekabwa, na mate yenye damu yakamchuruzika kidevuni.

Matonya akatega sikio kwa kiganja. "Sema, mkamwana wetu. Nani anakuzuia?"

Alimngoja. Alimngoja kwa upole kabisa, huku Yoramu akizunguka taratibu nyuma ya wanawake.

"Haya. Hakuna swali. Tupige makofi."

Wakapiga. Yoramu alikuwa amesimama nyuma ya Hilda, na Hilda akapiga kwa nguvu kuliko wote.