Kipimo cha Zamani

Fundi alikuwa na sifa moja aliyoilinda kama mboni ya jicho: nguo ikitoka mikononi mwake, hairudi. Akishakupima mabega, kifua, kiuno na urefu, kitambaa kinakutii. Ndiyo maana kanisa jipya lilipokamilika na siku ya kulifungua ikapangwa, mwalimu wa kwaya hakuhangaika. Alileta jora la kitambaa na waimbaji wake wote, akawapanga foleni mlangoni mwa chumba cha kushonea.

Wa mwisho kwenye foleni alikuwa binti mmoja, mdogo wake fundi. Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa mama yao.

Mama huyo aliugua muda mrefu, na fundi alimuuguza peke yake: kumgeuza, kumwosha, kumlisha kwa kijiko. Kitinda alikuwa kazini mji mwingine. Kila akipigiwa simu alijibu, "Nakuja, dada." Hakuja. Hata siku ya maziko hakuonekana. Sasa amerudi, amejiunga na kwaya, na sauti yake ni nzuri hivi kwamba mwalimu amempa ubeti wa kuimba peke yake. Yeye na dada yake walisalimiana kanisani kwa kutikisa kichwa, basi.

Kumpima mtu ni kama kumkumbatia. Huwezi kuuzungusha utepe kifuani mwake bila kumzungushia na mikono. Kwa hiyo Kitinda aliposogea na kunyanyua mikono yake, fundi aliuvingirisha utepe akautia mfukoni.

"Wewe nakujua," alisema. "Nimekushonea tangu unatambaa. Nenda tu."

"Sawa, dada."

Akamkatia kwa kumbukumbu.

Jumamosi waimbaji walikuja kujaribu majoho. Kila aliyevaa alijigeuzageuza mbele ya kioo, akatabasamu. Kisha Kitinda akatoka nyuma ya pazia, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mabega ya joho yalikuwa yamemshukia karibu na viwiko, na pindo lilifagia sakafu.

"Jamani, nani kaingia kwenye hema?" aliuliza mama mmoja wa sauti ya pili.

"Linamtosha yeye na mgeni wake!" mwalimu wa kwaya akadakia. Alipouona uso wa fundi, akakimeza kicheko. "Fundi, leo mkasi umekusaliti?"

Fundi aliinamia pini zake. Masikio yalimwaka moto.

"Mwacheni dada yangu," Kitinda alisema, kitambaa amekikusanya kwa ngumi. "Hajakosea yeye. Mimi ndiye niliyepungua. Nitasimama mstari wa nyuma, hakuna atakayeona."

"Na ubeti wako je?"

"Apewe mwingine."

Fundi alimtazama. Angeweza kunyamaza tu, na mambo yangeishia hapo. Ubeti ungekwenda kwa mwingine, wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya watu, ndani ya aibu ambayo haikuwa yake, akimtetea.

"Hapewi mwingine," alisema. "Nyie nendeni. Wewe baki."

Walipobaki wawili, Kitinda akalivua joho na kuliweka mezani. Fundi akautoa utepe, na mikono ikagoma kunyanyuka. Tangu utoto fundi alimwamini Mungu mwenye uweza, aliyetandaza mbingu na kuziwekea bahari mipaka, na hayo hayakuwahi kumpa shida. Leo alihitaji uweza wa kunyanyua mikono miwili tu. Akaomba kimoyomoyo: Baba, wa kwangu umeisha. Nipe wa kwako.

Akamzungushia utepe. Chini yake mbavu zilihesabika.

"Mbona umekwisha hivi? Uliumwa?"

"Sikuumwa. Chakula hakipiti."

"Tangu lini?"

"Tangu Mama. Nilifika mpaka kituo cha basi, dada, begi mkononi, nikarudi. Niliogopa kumwona anaisha. Halafu nikakuogopa wewe. Sina neno jingine la kujitetea."

"Unadhani mimi sikuogopa?"

"Uliogopa. Na mimi nikakuacha uogope peke yako. Nisamehe."

Fundi aliliangalia lile joho kubwa mezani. Alikuwa amelikata kwa ajili ya mtu ambaye hayupo tena, yule wa kwenye simu, wa "nakuja." Huyu aliyesimama hapa hakuwahi kumpima hata siku moja. Akawaza jinsi Mungu anavyompokea yeye mwenyewe kila kunapokucha, hamkatii kwa makosa ya jana. Angekatiwa hivyo, angekuwa hana la kuvaa.

"Nimekusamehe," alisema, mikono bado imemzunguka mdogo wake. "Sasa simama wima, unanipindishia kipimo."

"Ni wewe unayetikisika, dada. Unalia."

"Nyamaza huko, nisije nikakuchoma pini."

Wakacheka, na wote wawili wakajifuta macho kwa kitambaa cha kanisa. Fundi hakulipunguza joho pembeni, kama ambavyo mtu mvivu angefanya. Alifumua mishono yote, akakata upya, na Kitinda akapiga pasi.

Siku ya ufunguzi kanisa lilijaa hadi milangoni. Kitinda alipiga hatua mbele ya wenzake, akaimba ubeti wake, habari za Baba anayemtambua mwanawe angali mbali. Sauti ilipanda taratibu, bila haraka, ikalijaza paa jipya. Watu waliacha kujipepea. Mwalimu wa kwaya alisahau kupunga mkono.

Mgeni mmoja aliyeketi karibu na fundi alimwinamia. "Shoga, huyu binti ni wa nani?"

"Wa kwetu," fundi alijibu. Akanyoosha mgongo, akainua shingo, kisha akarudia kwa sauti, ili hata waliokaa benchi la mbele wasikie vizuri: "Ni mdogo wangu huyo! Tumbo moja!"