Chanzo cha Sura ya Tatu

Marejeo hayana huruma. Kitabu kina utaratibu wake: jina la mwandishi, mwaka, kichwa kwa herufi za mlazo, mchapishaji. Makala ya jarida ina wake, tovuti nayo ina wake. Mwanafunzi alikuwa amevipanga vyanzo vyote, mgongo ukimuuma, akabaki na kimoja kisicho na pa kukaa: shangazi yake.

Sura ya tatu nzima ya tasnifu yake ilitoka kinywani mwa shangazi, mfinyanzi aliyezeekea kwenye vyungu. Alimweleza udongo upi unakubali moto na upi ni wa kukutia aibu mbele za watu. Alichotaka ni kimoja tu: kazi ikitoka, aonyeshwe jina lake. Mwanafunzi akaahidi, na ahadi ni deni.

Akaenda kwa profesa anayemsimamia.

"Mahojiano binafsi hayaingii kwenye orodha," profesa akasema. "Msomaji atayapata wapi? Halafu kuna hili."

Akamsogezea ripoti ya kompyuta inayokagua wizi wa maandishi. Sura ya tatu yote ilikuwa nyekundu. Imeibwa, kompyuta ilidai, kutoka kwenye makala ya mwaka jana. Mwandishi: profesa mwenyewe.

Mwaka jana mwanafunzi alikuwa amempa rasimu ya sura hiyo aisahihishe. Kumbe alimkabidhi fisi bucha.

"Lakini prof, haya ni maneno ya shangazi yangu."

"Nitaje mimi kama chanzo, yaishe. Na huyo mama asionekane hata kwenye shukrani, wasije wakauliza nani alimhoji. Au hutaki kuhitimu?"

Mnyonge hana haki. Akarudi mezani akaandika: jina la ukoo, mwaka, kichwa, jarida, toleo, kurasa. Hakukosea hata mkato, na alijichukia kwa hilo.

Tasnifu ilipojaladiwa, shangazi alinawa mikono kwanza, akavaa miwani. Alisoma sura ya tatu polepole, akitikisa kichwa kukubali, mpaka akafika kwenye mabano.

"Huyu nani?"

"Mwalimu wangu."

"Hata chungu kilichopasuka siku niliyofiwa na mume wangu, amekisema yeye?"

"Ndivyo inavyoandikwa, shangazi."

Shangazi akakifunga kitabu, akamrudishia kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni.

"Hongera, msomi," akasema. Tangu mwanafunzi azaliwe alikuwa akimwita "mwanangu".