Dirisha Lisilobisha Hodi

Drocella hakuwa mtu wa kuangalia kioo cha kompyuta. Alifundishwa kupiga chapa na masista kule Goma, na masista wale hawakuwa na mchezo: macho kwenye karatasi, vidole kwenye mashine, ukifika mwisho wa mstari rudisha, endelea. Ukiinua macho, rula inakushukia. Basi hata shirika la misaada lilipomwekea kompyuta pale ofisini Gisenyi, alipiga vilevile. Kila mwisho wa mstari alibonyeza kile kitufe kikubwa cha kurudisha, Enter, ingawa kompyuta hujigeuzia mistari yenyewe. Umwambie nini mtu ambaye vidole vyake vimeshakariri?

Kompyuta hiyohiyo ndiyo iliyopokea ujumbe wa redio kutoka ofisi ya Ruhengeri. Na mwaka ule wa 1998 barabara ya Ruhengeri ilikuwa inakula watu. Waasi walikuwa wakitoka vichakani, wanasimamisha gari, imekwisha. Asubuhi Ruhengeri wakiona kubaya, walituma neno gari la shirika lisitoke. Wakinyamaza, linaondoka. Nani alipanga kwamba kimya maana yake ni salama? Wakubwa, wao ambao hawapandi gari hilo. Dereva wake alikuwa Janvier, mume wa Drocella, kwa hiyo hakuna aliyesubiri neno hilo roho juu kama yeye.

Sasa, ile programu ya redio haikuwa na adabu. Ujumbe ukiingia, ilifungua kidirisha juu ya kazi yako bila hodi na kunyakua vitufe vyote. Ulichokuwa unaandika kinamwagikia humo na kupotea. Chini ya ujumbe kulikuwa na swali, umesoma?, na majibu mawili ya Kifaransa, Oui na Non, yaani ndiyo na hapana. Oui ndiyo iliyowekwa tayari. Ukigusa tu kitufe cha kurudisha umeshajibu, kidirisha kinajifunga, na Ruhengeri wanapata habari kwamba umesoma.

Drocella alilalamika mapema. Alimwita Kimenyi, fundi, kijana aliyerudi kutoka Uganda.

"Kimenyi, hii kitu inanirukia. Mi niko naandika, kumbe inakula maneno yangu. Juzi imekula habari ya unga, hata sikuiona."

"Si programu, Mama Uwase. Programu inaomba tu kuja mbele. Iko kitu ingine ndani, inasimamia madirisha yote. Ile ndio inairuhusu."

"Donc ambia hiyo ingine ikatae."

"Niliandikia wenye kuitengeneza. Wanasema kosa ni ya programu. Wa programu nao wanasema kosa ni ya msimamizi." Akacheka. "Nitatafuta dawa wiki ijayo. We angalia kioo tu, mama."

Wiki ijayo ya mafundi mnaijua.

Asubuhi moja Sebagabo, mkuu wa ofisi, alitaka ripoti yake kabla ya mchana. Drocella aliinamia karatasi, vidole vinakimbia. Janvier akasimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi.

"Mama Uwase, Ruhengeri wamesema kitu?"

"Hapana. Kimya," akajibu, macho palepale kwenye karatasi.

"Bon. Jioni unipikie sambaza, vile visamaki vya ziwani."

"Sawa, Baba Uwase." Akabonyeza kurudisha, akaanza mstari mwingine. Nje gari likawashwa.

Alipomaliza ukurasa ndipo alipoinua macho ausome. Katikati ya ripoti mstari mmoja mzima haukuwepo. Kwanza alikasirika tu, kwa kuwa ataupiga upya. Halafu akakumbuka kile kidirisha. Alifungua mahali ujumbe uliosomwa unapohifadhiwa, na wa juu kabisa ulisema: waasi wako barabarani tangu alfajiri, gari lisitoke. Pembeni yake, Oui.

Alikimbia mpaka getini bila viatu. Mlinzi alimwambia gari limeshapita zamani. Halikuwa na redio. Kimenyi alirukia pikipiki kulifuata, wanajeshi wakamrudisha kwenye kizuizi. Sebagabo aliwauliza Ruhengeri kwa nini hawakurudia kutuma. Wakajibu kwamba walipata Oui kutoka hapa, wakatulia. Kila mtu alikuwa na wa kumsukumia. Drocella peke yake hakuwa na pa kusukuma, kwa kuwa kidole kilikuwa chake na aliyeulizwa mlangoni ni yeye.

Mchana alikaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, anaangalia kioo. Siku hiyo aliangalia hasa. Kidirisha kikaruka. Gari lenu limechomwa, dereva amefariki. Umesoma?

Akausogeza mshale polepole hadi kwenye Non, akabonyeza. Kidirisha kikafungika. Programu ile ukiikatalia hurudisha ujumbe uleule, na baada ya muda kidogo kikaruka tena. Akabonyeza Non. Kikarudi. Non.

Kimenyi alikuwa amesimama ukutani na hakuthubutu kumtazama. Sebagabo alikuja nyuma ya kiti, akasoma, akavua kofia. Kisha akanyoosha mkono taratibu kuelekea kile kitufe kikubwa.

Drocella akamshika mkono.

"Usiiguse, patron," akamwambia. "Mi bado sijasoma."