Ukungu wa Kijani

Mara ya tatu trei zilipogeuka kijani, Dorcus aliacha kulaumu mvua. Sasa alimlaumu Makori.

Dorcus alikuwa mkulima wa chai Mogogosiek. Makori alikuwa fundi wa viatu kule Litein, na baba yake alikuwa amehamia huko kutoka Kisii. Tangu Januari walikuwa wakitengeneza ngozi ya uyoga katika chumba kilichokuwa nyuma ya nyumba ya Dorcus. Walichemsha magunzi ya mahindi yaliyosagwa pamoja na maranda, wakayajaza kwenye trei na kupanda mbegu ya uyoga. Baada ya wiki tatu nyuzi nyeupe zilikuwa zimefungamana juu kama blanketi. Waliibandua ngozi hiyo, wakailoweka kwenye chai nzito, wakaikandamiza na kuipaka mafuta. Makori akaishona viatu. Wateja waliivuta, wakaikunja, wakauliza ni ngozi ya mnyama gani.

Halafu akaja mwanamume mwenye gari jeupe. Dorcus alimwona sokoni Litein, ameinama kwenye kibanda cha Makori, anapiga picha kipande cha ngozi yao. Makori hakumwambia Dorcus habari za mtu huyo. Wiki iliyofuata ukungu wa kijani ukaanza kuota kwenye trei.

"Yule mtu wa gari nyeupe alikuwa anataka nini?" Dorcus alimuuliza.

Makori alifikiri kidogo. "Aa, yule. Alikuwa anauliza tu."

Jibu hilo halikumwingia Dorcus. Akaanza kumchunguza. Kwa nini anakawia chumbani? Kwa nini ananawa mpaka viwikoni kabla ya kuingia? Siku moja alimkuta pembeni mwa trei, anatia kitu mfukoni.

"Umeficha nini?"

"Ni kalamu, Mama Kimeli." Akaitoa. Ilikuwa kalamu kweli, lakini Dorcus aliendelea kuutazama mfuko.

Jumatatu alinunua kufuli mpya. Makori alipofika, ufunguo wake ulikataa kuingia.

"Nimebadilisha," Dorcus alisema. "Pumzika kwanza, fundi. Nitakuita."

Makori aliitazama kufuli, kisha akamtazama yeye. "Unafikiri ni mimi naharibu."

Makori akageuka, akashuka njia ya katikati ya michai.

Dorcus alijaza trei kumi na mbili peke yake. Kila asubuhi, akishageuza mahindi ghalani, alipitia chumbani kuzitazama. Siku ya tisa aliona doa. Siku ya kumi na mbili trei zote zilikuwa kijani.

Alisimama pale na ufunguo mkononi. Ulikuwa mmoja tu, na haukuwahi kutoka kwake. Alipoinua mkono kujifuta uso, aliona mkono wa sweta una vumbi la kijani. Mahindi yake yalikuwa yamevunwa yakiwa bado na unyevu, yakaota ukungu, na vumbi lake lilikuwa limemjaa mpaka kifuani. Kila siku alitoka ghalani na kuingia humu na sweta hiyo hiyo, na gambuti hizo hizo miguuni.

Alipanda boda mpaka Litein. Makori alikuwa anagonga soli. Alimsikiliza Dorcus akieleza habari ya sweta mpaka mwisho, bila kuweka nyundo chini.

"Ungeniuliza," alisema.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza habari ya gari. Hukuniuliza habari ya trei." Akagonga tena. "Mimi ni mtu wa kuja. Ni rahisi kunifikiria vibaya."

"Si hivyo," Dorcus alisema haraka. Kisha akatazama chini. "Ilikuwa hivyo. Kidogo, ilikuwa hivyo. Nisamehe."

"Yule mtu alitaka mkoba. Nilimwambia ngozi ni ya Mama Kimeli, aende Mogogosiek. Hakuja?"

"Hakuja. Mbona hukuniambia?"

"Sikujua ni kitu cha kuambia mtu."

Jumamosi Makori alikuja. Walihamisha mahindi, wakaosha kuta kwa dawa, wakachemsha trei zote upya. Makori alizungumza habari za kazi tu. Wiki tatu baadaye ngozi ilitoka nyeupe, nene, bila doa, na Dorcus akamkaribisha ndani wanywe chai.

"Asante, Mama Kimeli," Makori alisema, akavaa viatu alivyokuwa amevivua mlangoni mwa chumba. "Wacha nirudi Litein mapema."