Barua kwa Mhandisi

Theonest alikuwa katibu wa kikundi cha wachimbaji wadogo huko Nyarugusu. Aliwahi kufundisha Kiingereza sekondari, kwa hiyo barua zote za kwenda kwa mhandisi Mwingereza, aliyekaa Geita mjini, aliziandika yeye. Duara lao, shimo walilochimba miaka mitatu, lingeweza kufungwa kwa amri ya mhandisi huyo tu, msimamizi wa usalama wa migodi.

Jumatatu Ndaki, kiongozi wa zamu, alipanda kutoka chini akamwambia magogo yanayoshikilia kuta yameanza kupasuka. Theonest akaketi na simu yake saa nzima. Kumwandikia Mzungu Kiingereza cha mtaani aliona ni kujidhalilisha. Akaanza kwa kuomba radhi kwa kuthubutu kumsumbua mheshimiwa, akashukuru kwa unyenyekevu mkubwa, akaeleza kuwa hali ya miundombinu ya chini ya ardhi inaleta wasiwasi usio na kifani. Magogo yalitajwa katika aya ya nne.

Kesho yake Ndaki aliuliza kama amemwambia mhandisi. Theonest akajibu amemwambia, tena vizuri. Jumatano jibu lilikuwa bado halijaja, na Ndaki akaona kwamba kungekuwa na hatari, mhandisi angekuwa ameshasema. Akashuka na wenzake wawili. Kabla ya saa sita mchana kuta zilikuwa zimewafunika.

Mhandisi alifika alasiri, watu wakiwa bado wanafukua. Theonest akamuuliza kama barua ilimfika. Yule bwana akaitafuta kwenye simu, akaisoma hadi mwisho, akakaa chini.

"Nilisoma mistari ya mwanzo nikadhani unanialika kwenye sherehe," alisema kwa Kiingereza. "Sisi hatuongei hivi. Hata bibi yangu hakuongea hivi."

"Wewe ungeandikaje?"

"Magogo yamepasuka. Watu watakufa."

Miili ilitolewa Ijumaa. Msibani Suzana, mjane wa Ndaki, alimwita Theonest kando akamuuliza yule Mzungu alisema nini. Theonest angeweza kusema barua ilipotea. Akamwambia Mzungu hakuielewa.

"Kwani ulimwandikia kwa lugha gani?"

"Ya kwake, shemeji."

Suzana akajifunga khanga upya na kurudi kwa wanawake wenzake. Makaburini wanaume walipokezana majembe kufukia. Theonest alinyoosha mkono. Jembe likapita mbele yake, likaenda kwa mwingine.