Bei ya Nyumba ya Wakfu

Daktari Kazungu alinirudishia tasnifu yangu kwa mara nyingine, na juu ya ukurasa wa kwanza ameandika neno moja kwa wino mwekundu: "Bei?" Nilitamani kumtupia yote usoni.

Nasomea shahada ya uzamili ya uhasibu, upande wa kanuni za kimataifa za taarifa za fedha. Kanuni hizo hutungwa mbali, na watu ambao hawajawahi kukanyaga mtaa wetu wa Kibokoni, kisha sisi huku tunaambiwa tuzifuate. Mimi niliuliza swali dogo tu: nyumba ya wakfu iandikweje katika hesabu? Mwenyewe aliitoa kwa ajili ya Mungu, akafa. Haiuzwi, hairithiwi, hapewi mtu. Kodi ya duka la chini hulipia maji ya msikiti na posho ya mwalimu wa madrasa, basi. Kanuni zinataka thamani ya soko, yaani kile ambacho muuzaji na mnunuzi, wote wawili radhi, wangekubaliana leo. Nikaandika kwamba hapa muuzaji hayupo wala hatakuwapo, kwa hivyo nyumba ielezwe kwa maneno, isipachikwe bei ya kubuni. Sura nzima niliiandika hivyo, na ninajivunia.

Kazungu, ambaye ndiye anayenisimamia, hakutaka kusikia. "Mtahini wa nje hasomi hadithi," alisema. "Tia namba, nami nitie saini, umalize." Bila saini yake sihitimu.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Ijumaa, bila kuniambia, alimtuma mthamini wa majumba mpaka Kibokoni, kwenye nyumba niliyoitaja kwa mfano katika tasnifu. Ghorofa ya juu anakaa shangazi yangu Mwanatumu, ambaye ndiye anayeiangalia kwa niaba ya wakfu, kama mamake kabla yake. Nilipokwenda kumwamkia jioni nilikuta wanawake wa jirani wamejaa ukumbini.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Tangu nijue kusema hajawahi kuniacha bila marahaba.

"Yuaja mtu na utepe," alisema, "yuapima ukumbi, yuapima mpaka chumba nnacholala. Namuuliza, nani kakutuma? Asema ni masomo ya Ummukulthum. Mtaa mzima wasema wewe wauza wakfu. Wauza?"

"Siuzi, shangazi! Wallahi siuzi!"

"Basi bei waitakiani?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikiliuliza mimi mwenyewe mwaka mzima. Akanionyesha ngazi, nikashuka, na mlango nikausikia ukifungwa kwa komeo.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa Kazungu, kule chuoni Tudor. Sikupiga hodi.

"Umemtuma mtu nyumbani kwetu!"

"Nimekusaidia, Ummukulthum. Kaa kwanza. Ni namba tu, haimdhuru mtu."

"Namba tu? Wewe mtu wa Kaloleni. Kwenu mna kaya, msitu wa wazee, mna makaburi na maombi, mtu haingii na viatu. Haya niambie, ekari moja ya kaya ni bei gani? Muuzaji ni nani, babako?"

Nilijua nimevuka mpaka. Nilitaka kuuvuka.

Hakufoka. Aliweka kalamu chini akatazama mikono yake.

"Bei yake ninayo," alisema. "Niliikadiria mwenyewe, ekari kwa ekari, miti yake na mawe yaliyo chini yake. Ndiyo iliyonipa udaktari huko ng'ambo. Baadaye kampuni ya kuchimba mawe ikaja kwa wazee na ile hesabu yangu. Wazee waliifukuza. Lakini baba aliniuliza kama ni mimi niliyeiandika. Tangu siku hiyo hakula tena chakula nyumbani kwangu, mpaka tukamzika."

Nilidhani hasira ingenishuka. Ilipanda! Kati ya walimu wote, huyu ndiye aliyejua hasa namba hizi zinafika wapi, na bado alimpeleka mtu wa utepe chumbani kwa mwanamke mzima aliyenilea.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Kwa sababu ndivyo watu wanavyofaulu."

Nikamwomba fomu ya kubadilisha msimamizi. Akaniambia nitachelewa mwaka, na huenda nisipate mwingine. Nikamwambia nitachelewa. Niliijaza palepale mezani pake, nikamsukumia. Hiyo aliitia saini bila hata kuisoma.

"Shangazi yako anasema nawe?" aliuliza.

"Hasemi."

"Mwendee leo. Usilale. Mimi nilingoja."

Sikumuaga. Nilichukua fomu yangu nikaubamiza mlango wake kwa nguvu zangu zote. Lakini kwa shangazi nilikwenda, sikupitia hata nyumbani.