Babu Emrys Afyeka Njia

Halmashauri ilipofuta basi la bure la kuwapeleka watoto wa bondeni shule, Babu Emrys alifoka kwenye simu mpaka kondoo wakainua vichwa. Njia yenyewe nyembamba, haina pa kupishana na lori la maziwa. Mjukuu wake Mabli, mtoto wa miaka minane, apite wapi, juu ya miti? Wakamjibu kwa upole kwamba ofisa atakuja kuikagua kwa miguu.

Hapo ndipo mzee alipojiponza. Kwao Wales mgeni hapokelewi kwenye uchafu, hata akiwa mgeni wa kuja kukunyima haki yako. Babu akafyeka miiba ya kandokando, akafukia madimbwi, akamfungia mbwa, akaoka mkate wa zabibu kavu. Jioni nyonga ilimuuma hata Mabli ndiye aliyemvua buti.

"Babu, umepafanya pazuri mno. Sasa watasema njia haina neno."

"Ulitaka mama wa watu achanwe na miiba? Tungeonekanaje?"

Ofisa, Bi Prothero, alikula mkate, akasifu, wakatoka wote watatu. Akatazama huku na huku. "Mzee Emrys, mbona njia nzuri hii! Ilimradi mtoto asindikizwe na mtu mzima. Nani atamsindikiza?"

Uso wa babu ukasawajika. Tangu mama yake Mabli afariki, alikuwa na hofu moja tu: wakijua nyonga imekwisha, watasema hafai kulea, wamchukue mtoto. Bora basi liende zake.

"Si mimi hapa!" akasema, akakaza mwendo.

Maskini, alifika kwenye geti la jirani tu, mguu ukagoma. Mabli, bila kuambiwa, akaingiza bega chini ya kwapa la babu kama afanyavyo kila asubuhi wakienda zizini, huku akiendelea na hadithi ya mwanakondoo wake.

Bi Prothero akasimama. "Siku zote mnakwenda hivi?"

Mzee akamgeukia. "Usinichukulie mtoto, mama. Nyonga imekufa, ni kweli. Lakini anakula, anashiba, na nywele namsuka mwenyewe."

"Anasuka vibaya," Mabli akasema, "lakini anasuka."

"Mzee wangu, nani kataja kumchukua mtoto? Mimi nimekuja kwa habari ya basi." Sauti ya Bi Prothero ilikuwa imelainika. "Na nilichoona hapa ni mtoto anayemsindikiza mtu mzima. Basi lazima lirudi, nitalipigania mwenyewe."

Babu akalia, wala hakujificha. Akauachia mwili, na uzito ukamzidi Mabli, ikabidi Bi Prothero ashike kwapa la pili. Wakarudi hivyo polepole, watatu bega kwa bega, wameijaza njia yote, na nyuma yao lori la maziwa likajikokota mpaka nyumbani, halina pa kupita.